Suti ya Papa, Sare ya Kapteni

Nakusalimu wewe uliye sebuleni, wewe uliye kwenye matatu ukielekea nyumbani, na hasa wewe unayelinda lango la wenzako hapa Pioneer, Eldoret, koti limekufika magotini na redio ndogo umeitundika msumarini. Wewe ndiye mgeni wangu wa heshima leo. Nataka tuzungumze juu ya sinema za kuchekesha, zile zinazohusu maisha ya mjini, na hapa Kenya mazungumzo hayo hayaendi mbali kabla ya kumfikia soja, yule mlinzi wa lango.

Tuanze na mwanamume anayeondoka nyumbani asubuhi amevalia suti. Tai imekaza, viatu vinang'aa, na mkewe anaamini kwamba mume wake anaelekea ofisini. Mwanamume huyo akifika kazini hujibanza mahali, suti ikavuliwa, akatokeza na sare ya mlinzi, kofia kichwani na rungu mkononi. Ofisi ipo kweli, ila iko nyuma yake. Yeye anafungua lango. Jioni suti inarudi mwilini na bosi anarudi kwa mama watoto. Huyo ni Papa Shirandula wa Citizen TV. Kipindi kilianza mwaka 2007, na kwa zaidi ya miaka kumi Wakenya walikaa mbele ya televisheni kuona uongo ule ungefika wapi.

Kwa nini tulicheka? Kulinda lango hakuchekeshi. Wengi wetu tumesomeshwa na mishahara ya malango. Tulicheka kwa sababu ile hesabu ya Papa tunaijua, tumeipiga wenyewe. Ukienda mashambani Desemba, mjomba akuulize, "Siku hizi uko wapi?" unamjibu kwamba uko kwa kampuni fulani kubwa. Hukudanganya. Kampuni ipo, nawe uko kwake. Kilichobaki bila kusemwa ni upande gani wa mlango. Mjomba naye ni mtu mzima, hakuulizi zaidi, anaomba tu nauli ya kwenda kliniki. Nairobi shamba la mawe, na anayelima mawe ana haki ya kuficha jembe.

Aliyeigiza Papa, na ndiye aliyekibuni kipindi hicho, ni Charles Bukeko, mwana wa Busia aliyetoka kwenye jukwaa la michezo ya kuigiza. Bara zima lilimjua kwa tangazo la Coca-Cola, lile la jamaa anayekunywa soda baridi kisha anatetemeka, "Brrr!" Kuna watu nje ya Kenya ambao hadi leo hawajui kwamba jamaa yule alikuwa na kipindi chake. Bukeko alikuwa na mwili mkubwa, na nadhani siri ya ucheshi wake ilikuwa humo. Akivaa suti, unaona mtu aliyeingia ndani ya nguo ya mtu mwingine: anainua kidevu, anatembea polepole, sauti inashuka kama ya mkurugenzi. Akivaa sare ya soja, mabega yanalegea, macho yanaanza kutafuta pa kuketi. Bukeko hakuhitaji maneno mengi hapo. Mwigizaji asiye na kipawa angeongeza kelele. Yeye alibadili nguo, na mwili ukafuata.

Pembeni yake walikuwapo watu waliojua kazi yao. Jacquey Nyaminde akawa Wilbroda, mke mwenye sauti ya kuvunja vyombo. Kenneth Gichoya akawa Njoro, Kazungu Matano akawa Otoyo. Jacky Vike akawa Awinja, yaya, na mimi humpa Awinja alama za juu kuliko wengi, maana katika nyumba yoyote ya mjini yaya ndiye mwenye faili zote. Alikuwapo pia Felix Odiwuor, yaani Jalang'o, ambaye mwaka 2022 alichaguliwa mbunge wa Lang'ata. Huyo angalau suti yake ya sasa hahitaji kuivua kwenye lango.

Mtanikumbusha kwamba niliahidi sinema, na Papa Shirandula ni kipindi cha televisheni. Sawa. Basi tuje kwenye sinema yenyewe. Inaitwa The Captain of Nakara, ilitoka mwaka 2012, na mwelekezi wake ni Bob Nyanja. Ni yule yule aliyekuwa ametuletea Malooned! mwaka 2007, kichekesho cha mwanamume na mwanamke wa makabila tofauti wanaofungiwa chooni ndani ya ghorofa refu la jiji, wikendi nzima, hakuna wa kuwafungulia. Makabila yao sitayataja, redio ina adabu zake. Fikiri tu kwamba watu walikuwa wakicheka kisa hicho mwaka 2007, kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, ambazo hapa Eldoret hatuhitaji kusimuliwa.

Nakara ni mji wa kubuni unaotawaliwa na wanajeshi. Muntu, anayeigizwa na Bernard Safari, ni mwizi mdogo mdogo aliyetoka gerezani. Anampenda msichana anayeitwa Sunday, naye ni Shirleen Wangari, binti wa mhubiri. Muntu anamwambia kwamba yeye ni mfanyabiashara. Unaona? Ni uongo ule ule wa Papa: mapenzi yanadai cheo. Ila Muntu ana nia ya kuugeuza uongo wake kuwa kweli; anataka kibanda sokoni. Kibanda kinataka leseni. Leseni inataka karatasi, karatasi inataka muhuri, na muhuri una mwenyewe, na mwenyewe ana mkono ulio wazi chini ya meza. Muntu anazungushwa mpaka anapogundua kwamba mji huu una ufunguo mmoja tu unaofungua milango yote. Anavaa sare ya kapteni wa jeshi. Papo hapo watu waliokuwa wakimfukuza wanampigia saluti.

Bukeko naye yumo kati ya waigizaji wa filamu hii, na hilo ndilo lililonifanya niziweke kazi hizi mbili meza moja. Huku mwanamume mwaminifu anaificha sare yake asidharauliwe. Kule mwizi anajificha ndani ya sare ili aheshimiwe. Papa anafanya kazi halali, analipwa jasho lake, na anaona haya. Kapteni hana kazi, hana cheo, hana hata haya. Na mji unamwamini yupi? Kama umewahi kusimama kaunta ya ofisi yoyote umevaa viatu vya vumbi, jibu unalo.

Kisa cha Muntu, Bob Nyanja hakukitoa hewani. Kilitokea kweli Ujerumani, Oktoba 16, 1906. Fundi viatu aliyeitwa Wilhelm Voigt, mzee wa miaka 57 aliyekula sehemu kubwa ya maisha yake gerezani, alikuwa amenaswa katika mtego ambao kijana yeyote wa hapa atauelewa. Bila kibali cha kuishi mahali, hapati kazi. Bila kazi, hapati kibali cha kuishi. Akafukuzwa mji huu, akafukuzwa ule. Basi akaenda kwa wauza mitumba, akanunua koti hapa, kofia kule, upanga kwingine, mpaka sare ya kapteni ikakamilika. Naam, mitumba. Kama ingekuwa leo ningesema alipitia soko la Gikomba.

Akatoka barabarani, akakutana na kikosi kidogo cha askari, akawaamuru wamfuate. Wakamfuata. Hakuna aliyemuuliza jina. Akawapandisha treni hadi mji mdogo wa Köpenick, nje ya Berlin, wakaingia ukumbi wa mji, akamkamata meya na mtunza hazina, akachukua zaidi ya maki 3,500 na kuacha risiti. Kisha akawaambia askari waendelee kulinda, yeye akavua sare na kupotelea kwenye umati. Alinaswa baada ya siku kumi, akahukumiwa miaka minne, lakini nchi nzima ilikuwa imecheka mno kiasi kwamba Kaiser alimsamehe mwaka 1908. Na mnajua alifanya nini alipotoka? Akawa mwigizaji. Alizunguka majukwaani akijiigiza mwenyewe na kuuza picha zake akiwa ndani ya sare. Mwaka 1931 Carl Zuckmayer aliandika mchezo wa kuigiza juu yake, na mchezo huo ndio uliosafiri hadi kwetu ukawa Nakara. Sanamu ya Voigt leo imesimama mbele ya ukumbi ule ule aliouibia. Meya hakuchongewa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nawaheshimu wahenga, lakini hapo sikubaliani nao, angalau kwa habari za mjini. Nguo ya kuazima imemsitiri Voigt na ikamsitiri Muntu. Isiyositiri ni nguo ya mtu mwenyewe, ile sare ya soja ambayo Papa ameipata kwa haki. Hicho ndicho kichekesho, na ukikitazama sana kinaanza kuuma.

Mwaka huo huo wa 2012 ilitoka filamu nyingine ambayo wengi wenu mnaifahamu, Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga. Wengine wataniambia hiyo si ya kuchekesha, kuna damu. Kuna damu, ndiyo, lakini nusu ya kwanza watu walicheka. Mwas, kijana wa mashambani anayeuza sinema za kunakiliwa na kuwaigizia wateja vipande vyake ili wanunue, anapanda gari kwenda Nairobi kuwa mwigizaji. Siku ile ile ya kufika anaporwa kila kitu, na kabla hajapata pa kulala anajikuta seli, anasugua choo. Tukacheka, maana sote tuna binamu wa namna hiyo. Joseph Wairimu aliyemwigiza Mwas alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo. Sasa ziweke pamoja: Mwas ni mwizi anayejifunza kuigiza, Muntu ni mwizi anayeigiza bila kujifunza. Sidhani Gitonga na Nyanja walikaa chini wakakubaliana. Walikuwa wakilitazama jiji moja, basi.

Ukifumbua macho utaona kwamba vichekesho vyetu vimejaa sare. Vioja Mahakamani ilikuwa nini kama si joho la hakimu upande mmoja na mashati yaliyochanika upande wa pili? Inspekta Mwala, ambaye wengi tulimjua kwanza kwa redio, ni Davis Mwabili ndani ya cheo cha polisi. Auntie Boss! ikawapa uwanja mayaya wa mtaa wa matajiri, na Nyce Wanjeri, yule Shiru, akatwaa tuzo ya Afrika ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho mwaka 2018. Tanzania walikuwa na Sharo Milionea, marehemu Hussein Mkiety, ambaye uhusika wake mzima ulikuwa mavazi: suruali, miwani na mwendo wa mtu mwenye mamilioni ilhali mfukoni hamna nauli. Ukimweka mbele ya Mzee Majuto, mzee wa Tanga aliyevaa kawaida na kuona kila kitu, huhitaji hata hadithi. Sharo alifariki kwa ajali ya gari karibu na Muheza, Novemba 2012. Majuto akamfuata Agosti 2018. Hadi leo sijaona jozi iliyoziba pengo lile.

Na serikali zinajua nguvu ya nguo kuliko hata wachekeshaji. Hapa kwetu raia akionekana na zile nguo za madoadoa za jeshi, anakamatwa. Uganda mwaka 2019 ilitangaza bereti nyekundu kuwa vazi la kijeshi, wakati ambapo vijana wa mwanasiasa Bobi Wine walikuwa wameifanya alama yao. Kofia tu, ya kitambaa. Voigt angeelewa.

Sasa turudi nyumbani. Mnaweza kujiuliza mambo ya Köpenick yanahusianaje na Pioneer. Mimi nasema hakuna mji Kenya unaostahili kichekesho cha nguo kuliko Eldoret. Huu ni mji uliozaliwa shambani, shamba namba 64, na wazee bado wanauita Sisibo. Agosti 15, 2024 ulikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Tulilala mjini tukaamka jijini, barabara zikiwa zile zile na ng'ombe wakivuka pale pale. Jiji nalo ni aina ya suti. Umeshaivaa, sasa inabidi ujifunze kutembea ndani yake.

Halafu tazama viwanda. Rivatex, ambayo Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007, ni kiwanda cha vitambaa. Ken-Knit inafuma sweta na mablanketi. Nje ya mji kuna Moi Barracks, ambako makuruti wa jeshi la Kenya hupelekwa kufunzwa. Wanaingia na jeans, wanatoka na magwanda, na siku ya gwaride la kufuzu mji unajaa wazazi wanaolia kwa furaha kwa sababu mtoto amebadili nguo. Hosteli za wanafunzi zina makoti meupe ya wauguzi wa kesho, wanaoyavaa hata dukani wakinunua maziwa. Na siwalaumu. Ukiwa na koti jeupe, mwenye duka anakukopesha.

Lakini vazi letu hasa, lile ambalo Nairobi hawana, ni traksuti. Koti la KENYA, jekundu au la kijani, lenye nembo ya kampuni ya viatu kifuani. Hapa mtu akipita nalo asubuhi na mapema, amekonda, amenyoa, ana saa kubwa mkononi, unajua huyo ni mwanariadha, na mwanariadha maana yake ni ploti. Moses Tanui alishinda Boston mara mbili, 1996 na 1998, akarudi akajenga. Wengine wengi wamefuata. Nyumba nyingi tunazopanga zimejengwa kwa mbio za watu. Ndiyo maana mwenye koti la KENYA akiingia hotelini chai inamfikia haraka, na mwenye nyumba hamsumbui kwa deposit.

Na koti lile linauzwa mitumba!

Hapo ndipo ninapoiona filamu ambayo hakuna aliyeitengeneza. Nawapa bure, wala sitawadai. Kijana anafika Eldoret kutafuta kazi, anakosa. Ananunua koti la KENYA sokoni kwa bei ya sahani mbili za chakula. Ana mwili mwembamba, si kwa mazoezi, ni kwa njaa. Mtaa unaanza kumwita champion. Anapewa nyumba Pioneer, ghorofa ya tatu, kodi atalipa akitoka mashindanoni Ulaya. Sasa lazima atoke saa kumi na moja asubuhi kila siku, kwenye baridi hii mnayoijua, akimbie mpaka asionekane, kisha ajifiche nyuma ya kibanda cha chapati hadi saa mbili arudi akihema. Binti wa mwenye nyumba anampenda. Mchungaji anamwombea kanisani. Wakala anataka kumwona uwanjani. Na yule soja wa langoni, mzee wa makamo asiyesema mengi, ndiye mtu pekee anayejua, kwa sababu yeye alikuwa mwanariadha kweli miaka ile, na anaujua mguu unaokimbia na mguu unaosingizia. Mwanariadha halisi amevaa sare ya soja, mwanariadha bandia amevaa koti la bingwa. Bukeko angekuwa hai ningempigia simu kesho asubuhi kumwomba aigize mzee yule.

Kuna jambo moja ambalo ningewaomba watakaoichukua filamu hiyo waliepuke, nalo ni lafudhi. Vichekesho vya Kenya vimeutegemea mno ulimi wa mtu. Kwa miaka mingi sisi wa huku tumekuwa na nafasi mbili tu katika michezo: askari anayekiponda Kiswahili, au mkimbiaji anayekiponda Kiswahili. Ni kicheko cha bei rahisi, tena kinachosha. Simpingi anayeijua kazi ya lafudhi. Mzee Ojwang, mfalme wa kipindi cha Vitimbi, alizungumza kwa lafudhi ya kando ya ziwa kwa ufundi mkubwa hivi kwamba wengi hawakujua kuwa jina lake ni Benson Wanjau na kwamba hakuzaliwa nayo. Aliivaa kama vazi, akalipiga pasi, akaliheshimu. Akiwa na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, waliwachekesha hata wenye lafudhi yao. Hiyo ni kazi ya miaka. Anayebana pua dakika tano mbele ya kamera ya simu asijilinganishe naye.

Nimemtaja Mzee Ojwang, basi nisimpite. Alifariki Julai 12, 2015, akiwa na miaka 78, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akazikwa Lang'ata. Miaka michache kabla ya hapo ilibidi Wakenya wachangishane ili atibiwe macho. Mtu aliyechekesha taifa tangu enzi za televisheni moja! Nikiwaza, naona nasi tulidanganywa na nguo. Lile koti kuukuu na ile kofia tulidhani ni vya jukwaani. Tulidhani umaskini wake ni sehemu ya mchezo, kwamba taa zikizimwa anauvua na kurudi kwake. Papa Shirandula alivaa suti kuficha kwamba ni soja. Mzee Ojwang hakuficha chochote, na bado hatukumwona.

Bukeko alifariki Julai 18, 2020, wakati wa korona, akazikwa kwao Busia. Kipindi kikafa naye, na sawa hivyo. Sare ile haikuwa ya kumrithisha mtu mwingine. Lakini waigizaji wako hai kila mahali, na baadhi yao mnapishana nao kwenye ngazi. Chuo Kikuu cha Moi kina idara inayofundisha fasihi, michezo ya kuigiza na filamu. Wanaohitimu huko wanaenda wapi? Wengine Nairobi, wakafanyiwe kama Mwas. Wengine wamebaki hapa, ni MC wa harusi, ni wachekeshaji wa sherehe za posa, ruracio na koito, wanarekodi vipande vya dakika moja kwa simu, na ukimuuliza mama yake anasema, "Bado anatafuta kazi."

Nenda nawe kwenye duka la sinema mtaani kwako, lile la kujaziwa flashi. Uliza The Captain of Nakara. Utaletewa ya Korea. Uliza Malooned! Utaulizwa, "Hiyo ni series?" Sikulaumu wewe mwenye duka, unauza kinachouzika. Ila filamu hizi zilipigwa miaka iliyopita kwa jasho la watu wetu, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Malooned! sasa ni mtu mzima mwenye kitambulisho ambaye hajawahi kuziona. Kaunti sasa ina jiji. Jiji lina kumbi. Ukumbi mmoja, Jumamosi moja kila mwezi, projekta na pazia jeupe, filamu ya Kenya, kiingilio cha bei ya chai na mandazi, na waigizaji wakiwa hai waalikwe wapande jukwaani watu wawaone bila mavazi ya mchezo. Wenye mamlaka mkinisikia, hilo halihitaji tenda.

Na wewe msikilizaji unayepanga harusi Desemba hii, ukimwita mchekeshaji, mkubaliane bei mapema, umlipe siku hiyo hiyo, na umlipe pesa. Usimwambie atapata jina. Jina analo, ni kodi ya nyumba ndiyo hana. Juma lijalo, saa kama hii, tutakuwa na wapiga ngoma. Usiku mwema, na wewe wa langoni, vaa koti lako vizuri.